Jumanne: Baada ya Kutoa, Nani Akaguliwe?

Soma Marko 14:3–9, Matendo 6:1–4, 2 Wakorintho 8:18–21. Katika kila sehemu, nani anachunguzwa kuhusu fedha au msaada, na ni nani anayetetewa?

Tangu 2012, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF umezipatia kaya nyingi nchini ruzuku ya fedha, zikiwemo za wilaya za Handeni na Korogwe. Majina ya walengwa hupitishwa katika mkutano wa kijiji, hivyo majirani wanajua nani anapokea. Siku ya malipo macho huwa mengi.

Chukulia mjane wa Handeni, ambako mvua zikikosa mahindi hukauka shambani. Amepokea ruzuku, na jioni hiyo anaonekana dukani akinunua kanga na kilo ya sukari. Sabato inapofika, minong'ono imeshatangulia kanisani. Mmoja anashauri Dorkasi wasimpelekee unga tena. Hakuna aliyemwuliza lolote. Huenda kanga yake ilichakaa hata akaona haya kuja ibadani. Huenda sukari ni ya uji wa mjukuu mgonjwa. Huenda pia alitamani tu chai tamu siku moja. Wanaomsema walikunywa chai tamu asubuhi hiyo, wala hawakudaiwa maelezo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kule Bethania walionung'unika waliwatumia maskini kama hoja ya kumshutumu mwanamke. Yesu alimtetea. Yohana 12:6 inaonyesha kwamba aliyelalamika ndiye aliyestahili kukaguliwa, maana alishika mfuko. Katika Matendo 6, mitume hawakuchungulia vyungu vya wajane, walirekebisha ugawaji. Paulo naye alisafirisha changizo pamoja na mashahidi ili mtu asimlaumu. Katika mafungu haya, hesabu inadaiwa kwa anayegawa.

Je, basi tufumbe macho? Hapana. Wapo wanaolewa fedha waliyopewa huku watoto wakilala njaa. Huyo afuatwe faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, na chakula kipelekwe mikononi mwa anayepika. Watoto wasiadhibiwe kwa kosa la baba. Lakini mlevi mmoja asifanywe kipimo cha wote. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walilinganisha tafiti 19 za nchi mbalimbali, wakakuta kwamba kwa jumla ruzuku za fedha haziongezi matumizi ya pombe na tumbaku. Katika majaribio ya TASAF huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kaya zilizopokea ziliwekeza katika mifugo, viatu vya watoto na bima ya afya.

Walawi 19:9, 10 ilimwagiza mwenye shamba aache masazo kwa maskini na mgeni. Haikumwagiza amfuate hadi jikoni kuona anavyoyapika.

Tafakari: Je, yupo mtu aliyeondolewa kwenye orodha ya msaada wa kanisa lenu kwa sababu ya maneno ya watu tu? Nani kati yenu atamtembelea juma hili, si kumhoji bali kumsikiliza? Na kitabu cha sadaka ya maskini, kilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya washiriki?