Mabomba Chini ya Sinki la Mabeseni Mawili

Chini ya sinki la jikoni kuna bomba lililopindwa mfano wa herufi U. Asiyejua kazi yake hudhani kuwa limepindwa kwa ufinyu wa nafasi tu. Kumbe katika pindo hilo hubaki maji kila sinki linapotumika, na maji hayo ndiyo kizuizi kati ya jiko na bomba la maji taka. Mafundi bomba hukiita kipande hicho trapu. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa mjini London, alipewa hataza ya choo chenye bomba la namna hiyo. Kanuni yake yatumika hadi leo.

Kinga ya maji

Uchafu unapooza hutoa gesi, zikiwemo methani, ambayo huwaka, na haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu na hunuka kama mayai viza. Maji ya trapu huzuia gesi hizo zisipande jikoni. Tuseme kina cha maji hayo ni milimita 75. Kanieneo yake, yaani nguvu inayokandamiza kila eneo, hupatikana hivi:

0.075 × 1000 × 9.8 = nyutoni 735 kwa mita ya mraba.

Kanieneo ya angahewa ni takriban nyutoni 101,000 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo kinga hiyo haifikii hata sehemu moja katika mia ya kanieneo ya angahewa. Maji mengi yakiteremka kwa kasi na kulijaza bomba, huweza kuyafyonza maji ya trapu yote. Ndiyo sababu mfumo bora huwa na bomba la kupumulia, liingizalo hewa baada ya trapu.

Mabeseni mawili, trapu moja

Kwa kawaida mabeseni mawili huunganishwa kwa kiungo cha umbo la T, na trapu moja huwekwa baada ya kiungo hicho. Trapu mbili zisifuatane katika njia moja, kwa maana hewa hunaswa kati yake na kuyazuia maji. Bomba litokalo kwenye trapu huteremka kidogo, kama sentimita 2 kwa kila mita.

Mpango huo humsaidia fundi kutambua mahali palipoziba. Beseni moja likichelewa kuisha maji na la pili likiwa salama, kizuizi kiko kabla ya T. Maji ya beseni moja yakipanda katika la pili, kizuizi kiko baada yake. Anayezibua kwa mpira wa kusukumia hana budi kwanza kuliziba tundu la beseni la pili. La sivyo msukumo wake utatokea huko.

Hatari ya trapu kavu

Trapu isiyotumika kwa muda mrefu hukauka, na madhara yake si harufu tu. Mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, watu zaidi ya 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS. Uchunguzi ulionyesha kuwa trapu za sakafu za bafu nyingi zilikuwa kavu, na kwamba yaelekea matone yenye virusi yalipita humo kutoka mabomba ya maji taka.

Jaribio

Wanafunzi wakate kitako cha chupa ya plastiki, waigeuze, na kuunga mdomoni mwake mpira mwembamba unaopenyeza mwanga. Mpira upindwe U, kisha upande kidogo na kushuka hadi ndooni. Wamimine maji polepole: pindo litabaki na maji. Kisha waijaze chupa kwa mara moja: maji ya pindo yatafyonzwa. Mwisho watoboe tundu juu kabisa ya mpira, mahali unapoanza kushuka, na kurudia. Safari hii hewa itaingia na maji yatabaki.

Maswali

1. Kwa nini tundu lilizuia maji yasifyonzwe?
2. Kinga ya milimita 50 yaweza kuhimili kanieneo gani?
3. Nyumba itakayofungwa kwa miezi mitatu ifanyiwe nini mwenyewe arudipo, kabla ya kulala humo?