Kigango, Njia ya Msituni na Haki ya Kuoza: Uchunguzi wa Sanamu za Mti Zilizosimamishwa Nje

Utangulizi

Sanamu ya mti iwekwayo ndani ya jumba huthaminiwa kwa umri wake: kadiri inavyodumu ndivyo thamani yake inavyopanda. Sanamu iliyosimamishwa nje, hususan msituni au kando ya njia ya waendao kwa miguu, haiwezi kupimwa kwa kigezo hicho, kwa kuwa jua, mvua na mchwa huanza kuila tangu siku ya kwanza. Makala haya yanachunguza sanamu za aina hii katika mazingira matatu: msitu wa Grizedale nchini Uingereza, kilima cha Juodkrantė nchini Lithuania, na maboma ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya. Mkazo umewekwa kwenye mazingira haya ya tatu. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: sanamu ya mti inapooza mahali ilipokusudiwa kusimama, je, imepotea au imekamilisha kazi yake?

Swali hili lina uzito wa kiutendaji. Tangu mwongo wa kwanza wa karne hii, vigango vilivyoibwa pwani vimekuwa vikirejeshwa nchini kutoka Marekani. Kila kinaporejea kimoja, hapana budi mtu aamue kitawekwa wapi.

Suala la istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mjadala, inafaa kufafanua istilahi tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza ni sanamu, neno pana linalojumuisha umbo lolote lililofinyangwa, kuchongwa au kutengenezwa kwa mfano wa kitu. Ya pili ni kinyago, yaani umbo la kuchongwa, hasa la mti, lenye sura ya mtu, mnyama au kiumbe cha kutisha. Ya tatu ni kigango, neno la Wamijikenda linalorejelea nguzo ya mti iliyochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu maalumu. Msomaji ajihadhari na maana nyingine ya neno hili: katika matumizi ya Wakatoliki, kigango ni tawi dogo la parokia. Maana hizo mbili hazihusiani katika muktadha wa makala haya.

Tofauti baina ya kinyago na kigango hudhihirika tunapoikumbuka methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii huchukulia kuwa aliyeshuhudia gogo likigeuzwa sura hawezi kuiogopa sura hiyo. Kigango hakiingii katika kanuni hiyo. Jamaa hushuhudia kikichongwa, hugharimia uchongaji wake, na baada ya kukisimamisha hukiheshimu na kukicha. Kinachochewa si ule mti, bali yule ambaye mti unamsimamia.

Sanamu kando ya njia: mifano miwili

Msitu wa Grizedale uko katika eneo la maziwa la kaskazini magharibi mwa Uingereza, kati ya ziwa Coniston Water na ziwa Windermere. Tangu mwaka wa 1977, wasanii wamekuwa wakialikwa kuishi na kufanya kazi humo, na kuziacha kazi zao kando ya njia wanazopita watembezi. Wengi walitumia kile walichokikuta papo hapo: magogo, matawi na mawe. Mathalani, mnamo mwaka wa 1984 Andy Goldsworthy aliunda kazi aliyoiita Seven Spires kwa kufungamanisha mashina marefu ya misonobari yakawa minara saba iliyochongoka kuelekea juu. Mwaka uliofuata aliunda Sidewinder kwa mashina yaliyopinda, yakaunganishwa hata yakaonekana kama nyoka anayejinyonganyonga kwenye sakafu ya msitu. David Nash naye alifanya kazi humo mwaka wa 1978.

Jambo la kuzingatiwa ni kuwa kuoza kulikuwa sehemu ya wazo la kazi nyingi kati ya hizi. Sidewinder imerudi udongoni. Mtembezi anayeitafuta leo haikuti jinsi ilivyokuwa kwenye picha za mwaka wa 1985, na hakuna anayelaumiwa. Msanii aliuazima mti kutoka msituni, na msitu umechukua kilicho chake.

Huko Juodkrantė mwelekeo ni mwingine. Mji huu mdogo umo kwenye ulimi mrefu wa mchanga unaotenganisha ghuba ya Kuršių na Bahari ya Baltiki. Kuanzia mwaka wa 1979, wachongaji wa jadi wa Lithuania walichonga sanamu za mwaloni na kuzisimamisha kando ya njia inayopanda kilima kilichoota msitu. Leo zipo takriban 80, na mahali hapo hujulikana kama Raganų kalnas, yaani Kilima cha Wachawi. Sanamu hizo huwasilisha wahusika wa ngano: mazimwi, mashetani, wachawi, na Neringa, binti jitu anayesemekana kuumba ulimi huo wa mchanga. Kwa hivyo, mtembezi huipitia fasihi simulizi kwa miguu. Watoto huwakalia mashetani mapajani na kupigwa picha, jambo linaloithibitisha ile methali yetu ya kinyago. Sanamu inapochakaa, hukarabatiwa au nafasi yake huchukuliwa na nyingine. Hakuna kinachopotea, kwa kuwa ngano ingalipo, na mchongaji mwingine aweza kuisimulia upya kwa patasi yake.

Mifano hii inatupa mielekeo miwili: kuiacha sanamu ioze, au kuitengeneza upya. Je, kigango kinaangukia wapi?

Kigango na mahali pake

Kigango ni ubao au nguzo ya mti mgumu, mmoja wa ile isiyotafunwa na mchwa upesi. Kimo chake kwa kawaida huwa kati ya mita moja na mita tatu. Kichwa huweza kuwa duara bapa au kikachongwa kikamilifu mithili ya kichwa cha binadamu. Kiwiliwili huwa bapa na chembamba, nacho hupambwa kwa nakshi za pembetatu na maua, na kupakwa rangi, hasa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Shingoni hufungwa vitambaa.

Si kila marehemu hujengewa kigango. Miongoni mwa Wagiriama, heshima hiyo ni ya wanachama wa Gohu, chama cha wanaume wenye hadhi na mali. Marehemu wa kawaida huwekewa koma, ambacho ni kigingi kidogo kisicho na mapambo mengi. Neno hilohilo koma humaanisha pia roho ya aliyefariki, na muungano huu wa maana ni ushahidi wa kiisimu kwamba katika fikra za jamii kijiti na roho havitengani. Aidha, kigango hakisimamishwi mara tu baada ya mazishi. Aghalabu marehemu ndiye anayekidai: huwatokea jamaa ndotoni, au maradhi na mikosi huiandama familia hata mganga afichue chanzo chake. Kikishasimamishwa, marehemu humiminiwa pombe ya mnazi, hupewa chakula, hujulishwa habari za nyumbani na kuombwa kinga.

Kigango kikishatiwa ardhini hakipaswi kung'olewa. Familia ikihama kutafuta mashamba mapya, kigango hubaki palepale, na hapo ndipo kinapoachwa kioze taratibu. Kwa mtazamo wa juujuu hali hii inafanana na ile ya Grizedale. Hata hivyo, ipo tofauti ya kimsingi. Kule, kinachooza ni wazo la msanii. Huku, kinachooza ni makao ya baba wa mtu. Na tofauti na Juodkrantė, kigango hakiwezi kubadilishwa na kingine kilichochongwa kwa mkono wa yeyote, kwa sababu hakisimulii kisa cha wote. Kinamsimamia mtu mmoja mwenye jina na ukoo.

Safari ya kigango ughaibuni

Mazoea haya ya kukiacha kigango mahali pake ndiyo yaliyowapa wezi mwanya. Boma lililohamwa lilionekana machoni pa mpita njia kama boma lililotupwa, ilhali kuhama si kutupa. Kuanzia miaka ya 1970, wanunuzi wa sanaa wa ng'ambo walipovitamani vigango, vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa walanguzi. Aliyeng'oa alipata fedha kidogo. Aliyeuza mwishoni alipata maelfu ya dola.

Kisa kinachofahamika zaidi kilianza mwaka wa 1985. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mnamo mwaka wa 1999, Udvardy alipokuwa akitazama picha katika kongamano la wataalamu wa taaluma za Kiafrika nchini Marekani, alikitambua kimoja kati ya viwili hivyo. Kilikuwa katika mkusanyiko wa makavazi huko Illinois. Cha pili kilipatikana katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimboni Virginia. Udvardy pamoja na mwenzake, Linda Giles, waliendelea kuchunguza, wakabaini kuwa mamia ya vigango yalikuwa yametapakaa katika makavazi ya Marekani. Kile cha Illinois kilirejeshewa familia mwaka wa 2007.

Kurejeshwa huko kuliwezekana kwa sababu ilikuwapo picha. Ilijulikana kigango ni cha nani na kilisimama wapi. Vigango vingi havina ushahidi wa namna hiyo. Mnamo mwaka wa 2014, jumba la makavazi la Denver lilitangaza kurudisha vigango 30 lililokuwa navyo tangu 1990, navyo vikafika Kenya mwaka wa 2019. Mwizi hakuandika jina la boma, mlanguzi hakuuliza, na mnunuzi alitosheka na nakshi. Vilivyorejea ni vigango vilivyopokonywa majina.

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza bayana. Vikitiwa katika ghala la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, vitahifadhiwa dhidi ya mchwa na wezi, lakini vitakuwa vimehamishwa kutoka kifungo kimoja hadi kingine. Vikirudishwa mashambani bila ulinzi, huenda vikaibwa tena. Wapo watakaoshauri visimamishwe kando ya njia ya watalii, kwa mfano wa Juodkrantė, ili vilete mapato. Rai hii haifai kukataliwa kabla ya kupimwa.

Funzo la Kaya Kinondo

Kipimo kimojawapo kipo karibu. Kaya ni misitu mitakatifu iliyokuwa makao yenye ngome ya Wamijikenda, na ambayo baada ya watu kuhama ilibaki chini ya ulinzi wa wazee. Kadhaa kati yake, zilizoenea katika ukanda wa takriban kilomita 200, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Mwaka wa 2009, mila zinazofungamana nazo ziliorodheshwa na shirika hilo kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Kaya Kinondo, iliyo kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, ni msitu wa Wadigo wenye ukubwa wa takriban hekta 30. Wageni huruhusiwa kuutembelea, lakini kwa masharti ya wenyeji. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huvua kofia, hufuata njia akiongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kuondoka na chochote, hata jani lililokauka. Zipo sehemu asizofikishwa kabisa. Kwa hivyo, njia ya Kinondo ni njia inayojua mahali pa kukomea. Mtembezi hupata maarifa na jamii hupata riziki, ilhali kilicho kitakatifu hakigeuzwi maonyesho.

Mambo matatu yanadhihirika kutokana na mfano huu. Kwanza, mwenye kauli awe mzee wa jamii husika, si mwenye hoteli wala afisa aliye mbali. Pili, mgeni akitaka kuona uchongaji wa vigango, aonyeshwe kazi mpya iliyochongwa kwa ajili hiyo na isiyomsimamia marehemu yeyote. Kazi hiyo itakuwa kinyago, nayo haitamtisha mtu. Tatu, vigango halisi vilivyopotewa na majina vipewe mahali palipotengwa, chini ya ulinzi wa wazee wa kaya, pasipopitiwa na njia ya wageni.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa sanamu ya mti iliyosimamishwa nje haina hatima moja. Ya Grizedale huachwa ioze kwa ridhaa ya msanii. Ya Juodkrantė hufanywa upya kwa sababu ni mali ya ngano. Nacho kigango huoza kwa haki ya marehemu. Anayekihifadhi milele katika kabati la kioo hajamsaidia marehemu huyo. Amemzuia kumaliza safari yake.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Kigango cha mwaka wa 1985 kilirudi kwa sababu mtu alikuwa ameliandika jina na kuipiga picha. Wazee wanaoyajua majina ya vigango vilivyosalia, maboma vilimosimamishwa na sababu za kusimamishwa kwake wanazidi kupungua. Kuyakusanya maelezo hayo kwa idhini yao, katika lugha zao na katika Kiswahili, ni kazi ya uwandani isiyohitaji gharama kubwa, na isiyoweza kuahirishwa. Mti na uoze. Jina lisioze nao.