Joto Moja, Miili Tofauti: Kwa Nini Fukuto la Kaskazi Halitupati Sote kwa Kiasi Kimoja

Mwezi wa Februari, saa nane mchana, kipimajoto cha Dar es Salaam husoma nyuzi 32 au zaidi kidogo. Saa hiyo hiyo, katika Mtaa wa Kongo, mama wa makamo auzaye khanga ameketi juu ya kigoda chake akizungumza na wateja kama kawaida, ilhali kijana mwenye kifua kipana, aliyewasili juma lililopita kutoka Makete, ameegemea nguzo, macho ameyafumba na mzigo ameutua chini. Wapita njia humwambia kijana huyo kuwa ni mvivu au anajidekeza. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hukumu hiyo haina haki, na kwa nini yaweza hata kugharimu uhai.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu aliyekaa tu bila kufanya lolote huzalisha joto la takriban wati 100, yaani sawa na balbu moja kubwa ya zamani. Mbeba magunia au msukuma mkokoteni huzalisha mara nne au tano ya kiasi hicho, kwa maana katika nguvu zote ambazo misuli hutumia, ni kama sehemu moja tu kati ya tano inayokwenda kwenye kazi; zilizobaki hugeuka kuwa joto. Joto hilo halina budi kutoka nje, kwa sababu viungo vya ndani vinataka kubaki karibu na nyuzi 37. Damu hulichukua kutoka ndani na kulipeleka kwenye ngozi. Hewa inapokuwa ya baridi, ngozi huliachia hewani bila taabu. Lakini hewa ikiwa na nyuzi 32 na ngozi ikiwa na nyuzi 35, njia hiyo huwa imekaribia kuziba. Hapo inabaki njia moja yenye nguvu, nayo ni jasho.

Jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho iliyogeuka mvuke huondoka na joto ambalo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita saba za maji ya bomba. Jasho linalodondoka chini, au linalofyonzwa na shati na kubaki humo, halimpunguzii mwenyewe chochote. Limempotezea maji na chumvi bure. Ndiyo sababu mgeni kutoka Dodoma hushangaa. Kwao mwezi wa Novemba joto hufikia nyuzi 31, pungufu kidogo tu ya zetu, lakini hewa ni kavu na jasho hukauka kabla hajaliona. Hapa pwani hewa tayari imejaa unyevu wa bahari, jasho hunata, na mtu huhisi kama amefunikwa blanketi lililolowa. Anayesema kwamba joto la Dar ni kali kuliko la kwao hakosei, hata kama kipimajoto hakimuungi mkono sana.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kuzoea. Neno hili tunalitumia kila siku kana kwamba ni suala la moyo tu: fulani amezoea, fulani hajazoea. Kumbe ni badiliko halisi la mwili, na lina muda wake unaojulikana. Mtu anapoanza kufanya kazi katika joto kila siku, siku chache za kwanza maji ya damu yake huongezeka, hivyo moyo hauhitaji tena kupiga mbio ili damu itoshe misuli na ngozi kwa pamoja. Kisha jasho huanza kutoka mapema zaidi, kabla mwili haujapata moto sana, na hutoka kwa wingi zaidi. Tezi za jasho nazo hujifunza kuirudisha chumvi mwilini badala ya kuimwaga. Mchukuzi mgeni utamjua kwa shati lake: likikauka huacha michirizi myeupe mgongoni. Baada ya majuma mawili michirizi hiyo hufifia. Kazi yote hiyo huchukua siku 7 hadi 14, na haifanyiki kwa kukaa kivulini. Yapasa mwili utokwe jasho kwa saa moja au mbili kila siku.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama kubwa katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Humo ardhini joto huongezeka kadiri mtu anavyoshuka, na maji yaliyonyunyizwa ili kutuliza vumbi la miamba yaliifanya hewa iwe na unyevu mwingi mno. Kuanzia mwaka 1924 wachimbaji walianza kufa kwa kiharusi cha joto. Katika migodi hiyo walikuwamo kwa miaka mingi vijana wa Tanganyika pia, walioajiriwa kupitia shirika ambalo wazee wanalikumbuka kwa jina la WENELA. Wasimamizi walidhani kwamba mtu mwenye nguvu na aliyezaliwa Afrika hahitaji matayarisho. Miaka ya 1930 daktari wa migodi aitwaye Dreosti aliwapima wafanyakazi wapya kwa kuwafanyisha kazi ya koleo ndani ya chumba cha joto, akaona kwamba baadhi yao miili ilipanda joto upesi na wengine haikupanda, na kwamba ukubwa wa misuli haukutosha kumwonesha nani angeshindwa. Tangu hapo wageni wakawa wanaingizwa kazini hatua kwa hatua, na vifo vikapungua sana.

Mpaka leo hali haijabadilika. Mamlaka za usalama kazini za Marekani zinaeleza kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wanaokufa kwa joto nchini humo hufa siku yao ya kwanza kabisa kazini, na zaidi ya asilimia 70 hufa ndani ya juma la kwanza. Kwa ajili hiyo hushauri kwamba mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi nzito siku ya kwanza, na aongezewe asilimia 20 kila siku inayofuata. Tajiri wa duka anayepokea vijana wapya wa kushusha makontena mwezi wa Januari na aufikirie ushauri huo. Kijana anayelipwa kwa idadi ya mizigo hataomba kupumzika, kwa hiyo ni wajibu wa aliyemwajiri kumpangia.

Tena mazoea hayo hayadumu. Mtu akiondoka kwenye joto, huyapoteza karibu yote kwa muda wa majuma matatu au manne. Wengi wetu hupandisha Desemba kwenda Marangu, Lushoto au Njombe, tukakaa huko kwenye ubaridi hadi baada ya Mwaka Mpya, kisha tukarudi Kariakoo katikati ya msimu wa kaskazi na kufungua maduka siku ile ile tuliyoshuka kwenye basi. Aliyeishi Gerezani miaka 30 anaporudi namna hiyo huwa nusu mgeni. Hali kadhalika anayeshinda ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, akapanda gari lenye kiyoyozi, na kulala penye kiyoyozi: huyu anaishi Dar es Salaam kwa anwani tu, na siku umeme unapokatika hutaabika kuliko jirani yake.

Je, kuzaliwa pwani kuna faida? Kuna, ila si kwa namna inayodhaniwa. Mtafiti wa Japani aitwaye Yas Kuno alionesha kwamba watu huzaliwa na tezi za jasho zisizotofautiana sana kwa idadi, lakini ni sehemu tu ya tezi hizo inayoanza kufanya kazi, na idadi ya zinazofanya kazi huamuliwa katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Wajapani waliozaliwa na kulelewa katika nchi za joto walikuwa na tezi hai nyingi kuliko ndugu zao waliokulia Japani. Basi chanzo ni malezi; kabila halihusiki. Na rangi ya ngozi, ambayo wengi huitaja kwanza, inahusu zaidi kuungua na jua. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi, lakini kivulini hutoa jasho kama mtu mwingine yeyote.

Umri unahusika sana. Mzee hutoa jasho kidogo kuliko kijana, moyo wake hauongezi kasi kwa wepesi, na, la hatari zaidi, hisia yake ya kiu imepungua. Bibi anayesema hana kiu huenda mwili wake umekaukiwa maji kweli kweli. Apewe kikombe bila kusubiri aombe. Mtoto mchanga naye hawezi kujivua nguo wala kusema, na desturi yetu ya kumfunga mablanketi mawili na kofia ya sufu mchana wa Februari inafaa kuachwa.

Kuhusu maradhi, kisukari cha muda mrefu huweza kuharibu mishipa ya fahamu inayoziamuru tezi za jasho. Kwa mwenye selimundu, upungufu wa maji huweza kuamsha maumivu makali, na jambo hili si dogo kwetu: Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, takriban 11,000 kila mwaka. Kisha zipo dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza mkojo. Nyingine huuzuia moyo usiongeze mapigo. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, na zile za magonjwa ya akili, hupunguza jasho. Mtu asithubutu kuziacha kwa sababu hiyo. Aulize katika zahanati au hospitali anakotibiwa, kabla ya msimu wa joto, kama dawa zake ni za namna hiyo na anywe maji kiasi gani.

Limebaki suala la mahali, na hapa tofauti hutoka nje ya mwili. Mnamo Juni 2024, katika Hijja, joto la Makka lilivuka nyuzi 51. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo vya watu 1,301, na ikaeleza kwamba asilimia 83 yao walikuwa mahujaji wasio na vibali, waliotembea mwendo mrefu juani bila hema wala mahali pa kupumzikia. Jua lilikuwa moja kwa wote, ila wenye vibali walikuwa na kivuli. Kwetu kivuli nacho kina historia. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ya zamani ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele. Hewa ilipita kutoka mlangoni hadi uani, na usiku watu walikaa nje. Msanifu Beda Amuli, alipolijenga Soko Kuu lililofunguliwa mwaka 1975, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege ili kuwe na kivuli na hewa ipite yenyewe. Leo maghorofa yameziba upepo wa bahari katika mitaa mingi, zege na lami hufyonza joto mchana na kulitoa usiku, na viyoyozi vya ghorofani humwaga hewa ya moto juu ya machinga walio chini. Anayelala chumba cha uani chini ya bati lisilo na dari huamka mwili haujapoa, akaanza siku mpya na deni la jana. Mwenzake wa Upanga, penye miti, amelala vizuri. Wakikutana sokoni saa sita, watu husema mmoja ni mvumilivu na mwingine si mvumilivu.

Katika miaka hii, Mwezi Mtukufu wa Ramadhani huangukia Februari na Machi. Wanaofunga na kufanya kazi ngumu wajitahidi kuimaliza asubuhi, na wenye kuwaajiri wawaruhusu.

Dalili za kuangalia ni hizi: kizunguzungu, kichwa kuuma, misuli kukakamaa, kichefuchefu, na mkojo wa rangi nzito kama ya chai ya rangi. Mwenye dalili hizo aache kazi, akae penye kivuli na upepo, alegeze nguo, ajimwagie maji na anywe kidogo kidogo. Kama ametokwa jasho sana, maji matupu hayatoshi. Dafu husaidia, na mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, husaidia zaidi. Lakini mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, au kuzimia huku mwili ukiwaka moto, hicho ni kiharusi cha joto, hata kama bado anatokwa jasho. Asilazimishwe kunywa. Amwagiwe maji mwili mzima papo hapo, apepewe kwa nguvu kwa chochote kilichopo, na awekewe barafu au chupa za maji baridi shingoni, makwapani na kwenye kinena, na kazi hiyo iendelee njia nzima hadi Amana, Mnazi Mmoja au Muhimbili. Wauza samaki na wauza vinywaji huwa na barafu karibu. Waombwe bila kusita.