Peke Yake Kwenye Umati: Vidokezo 9 vya Picha za Mtaani za Nyeusi na Nyeupe

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku ya Jumamosi hupiti bila kupigana vikumbo na watu usiowajua. Katikati ya msongamano huohuo kuna mtu amesimama na mawazo yake, na hakuna anayemtupia jicho. Dar es Salaam imejaa watu waliokuja kutafuta maisha wakawaacha ndugu zao mikoani, na wengi wao hushinda kutwa nzima katika umati bila mtu wa kuwauliza wameamkaje. Wapige picha. Rangi za mjini ni nyingi na zinagombania jicho. Ukiziondoa, vinabaki mwanga, umbo na umbali ulio kati ya mtu na mtu. Simu yako inatosha kwa kuanzia.

1. Tafuta umbali, uso wa huzuni usiuhangaikie

Mtu aliyekunja uso huenda anakwepa jua tu. Upweke huonekana zaidi katika jinsi mwili unavyokaa mbele ya miili mingine. Mmoja anatazama kulia, wote wanatazama kushoto. Kijana kasimama, waliomzunguka wanakwenda mbio. Mama kaketi kwenye benchi, kulia na kushoto kwake pako wazi, ilhali nyuma yake watu wamefurika. Hiyo nafasi wazi ndiyo picha yenyewe, kwa hiyo usiikate. Ukimbana mtu hadi umati ukatoweka, atakayeiona picha hatajua kwamba kulikuwa na watu.

2. Sogea kwa miguu

Lenzi ndefu humvuta mtu kutoka mbali na kumwacha mtazamaji nje ya tukio. Lenzi pana ya milimita 28 au 35 humwingiza ndani ya msongamano, akaona mabega na mizigo iliyo karibu naye. Kwenye kamera, weka tundu la lenzi f/8, kasi ya shata 1/250 au zaidi, kisha funga fokasi kwenye mita tatu. Kwa lenzi ya 28, karibu kila kitu kuanzia mita mbili na kuendelea kitaonekana vizuri, nawe hutapoteza sekunde ukisubiri kamera itafute fokasi. Kwenye simu, tumia lenzi kuu na usikuze picha kwa vidole.

3. Chagua pahali, kisha ungoje

Anayezurura mtaa mzima hukuta matukio yakiwa yamekwisha. Simama pahali penye mwanga mzuri na watu wengi, uache watu waje. Pale mitaa ya Samora na Azikiwe inapokutana, penye sanamu ya Askari iliyosimama tangu 1927, watu na magari huizunguka kutwa wakati askari wa shaba hajongei. Pale Manzese, ukiwa juu ya daraja la waenda kwa miguu, unawaona watu na vivuli vyao kwa pamoja. Panga fremu yako kwanza. Ndani ya dakika chache utaujua mwendo wa mahali hapo, na atakapotokea mtu asiyeufuata, utamwona mara moja.

4. Fuata saa za jua letu

Karibu na ikweta jua hupanda haraka na kuzama haraka. Mwanga wa chini, ule unaorefusha vivuli, unao kuanzia kama saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi, na tena kuanzia saa 10:30 jioni hadi jua linapotua. Huo ni wakati wa watu kwenda kazini na kurudi, kwa hiyo umati na mwanga vinakuja pamoja.

Mchana wa jua kali nao una faida zake. Ingia kwenye vichochoro vya sokoni vilivyofunikwa maturubai, utafute mahali ambapo mwale wa jua unapenya. Pima mwanga pale penye mwale na uache pembeni pawe giza. Mtu mmoja akipita kwenye mwale huo, wote waliobaki kivulini watakuwa maumbo tu, naye ataonekana kama mji mzima umemwachia njia.

5. Mpe mtu mweusi mwanga wake

Kamera hupima mwanga kwa kukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ngozi nyeusi ikiwa mbele ya anga jeupe au ukuta wa chokaa, kamera hutii ukuta na uso unazama gizani. Gusa uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, au ongeza mwanga kwa hatua moja kwenye kamera. Acha anga liungue kidogo ikibidi. Uso uwe mweusi wenye uhai: mng'ao wa paji la uso, mkunjo wa jicho, jasho la shingoni. Ukiamua kumfanya mtu kivuli kitupu, iwe ni uamuzi wako, isiwe kazi ya mashine.

6. Vua jezi kwa jicho

Siku Simba na Yanga wakicheza Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu wapatao 60,000 wanajaa, na nje ya mageti kuna wengine wengi. Kwa rangi, jicho linakimbilia timu. Kwa nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani zinaweza kutua kwenye kijivu kinachokaribiana sana, na timu ikapotea machoni. Anabaki shabiki aliyefungwa, amekaa kwenye ukingo wa barabara baada ya filimbi ya mwisho, huku wengine wakipita na mavuvuzela.

Jizoeze kutazama hivyo kila mahali. Usiulize nguo ina rangi gani, uliza ina mwanga kiasi gani kuliko vilivyo nyuma yake. Washa hali ya nyeusi na nyeupe kabla ya kupiga, ili uone matokeo papo hapo, na kama kifaa chako kinaruhusu, hifadhi pia faili la RAW. Hilo lina rangi zote, na nyumbani utaweza kung'arisha nyekundu au kutia giza buluu ya anga bila kuharibu picha.

7. Uache umati uyeyuke

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpiga picha wa Urusi Alexey Titarenko alisimama na kamera yake St Petersburg, wakati maisha yalikuwa magumu baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Aliacha shata wazi kwa muda mrefu hadi watu wakawa kama moshi, na hapa na pale ukabaki mkono ulioshika chuma cha ngazi.

Jaribu hivyo kwenye kituo cha daladala jioni. Weka kasi ya shata 1/8 au 1/4, egemeza kamera kwenye nguzo, lenga mtu aliyetulia, na upige mara kadhaa mfululizo. Wanaotembea watafifia na aliyetulia atabaki. Jua la mchana ni kali mno kwa kasi hiyo, labda uwe na kichujio cheusi cha lenzi, kwa hiyo ngoja jioni au tafuta kivuli.

8. Tazama madirisha ya mabasi

Abiria akishapata kiti, mwili unapumzika na uso unaacha kujitunza. Mpiga picha Walker Evans alilijua hilo alipopiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi New York kati ya 1938 na 1941. David Goldblatt wa Afrika Kusini alisafiri usiku na wafanyakazi wa KwaNdebele waliokuwa wakienda Pretoria, akawapiga picha wakiwa wamelala kwenye basi lililojaa. Kitabu chake cha 1989 kinaonyesha ubaguzi wa rangi ulivyowanyang'anya watu hata usingizi. Kila mmoja pale amebanana na mwenzake, na kila mmoja amelala peke yake.

Kwetu, basi la Mwendokasi likisimama kituoni, kioo kinakupa vitu viwili kwa wakati mmoja: uso wa aliye ndani na taswira ya umati ulio nje. Simama kimshazari ili usijipige mwenyewe.

9. Heshima kwanza, kisha chagua chache

Evans alificha kamera ndani ya koti. Wewe usifanye hivyo. Mtu mpweke tayari hajaonwa na wengi. Usimwibie na picha yake. Ukishapiga, msogelee: "Shikamoo mama. Nimekupiga picha, mwanga umekukaa vizuri. Nikuonyeshe?" Akikataa, ifute mbele yake. Aliyelala barabarani, mgonjwa na mtoto asiye na mzazi wake, waache. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa yake. Kambi za jeshi na majengo ya ulinzi usiyaelekezee kamera kabisa, na Feri ya Magogoni, iliyo jirani na Ikulu, uliza walinzi kwanza.

Kisha kaa na picha zako. Ondoa zinazosema "huyu maskini", bakiza zinazosema "huyu ni mtu, na wengine wako pale, na hawajaonana". Zichapishe hizo, maana picha ya upweke inayolala kwenye simu imeongeza upweke tu. Zitundike saluni au kwenye kibanda cha kahawa, mahali ambapo mgeni wa mji anaweza kuziona akaanza kuzungumza na aliyeketi karibu naye. Anza na zile ambazo wenyewe wamekukubalia.