Swichi ya Lenzi: AF au MF?

Haya, mdogo wangu uliyeniandikia kwamba umenunua kamera ya mtumba, na sasa wapiga picha wenzako wanakucheka kwa kuacha swichi ya lenzi kwenye AF, yaani otofokasi, kamera ijilenge yenyewe. Waache wacheke. Nani kawaambia ufundi ni kuzungusha lenzi kwa mkono? Otofokasi iko madukani tangu 1977, Konica walipotoa C35 AF, na wanaopiga picha za mpira wanaitegemea kila siku. Bibi harusi akiingia ukumbini anacheza, wewe bado unazungusha, utaambulia picha za mgongo.

Kinachoharibu picha zako, kwa ulivyonieleza, ni kuiachia kamera ijichagulie pa kulenga. Mara nyingi inakimbilia kilicho karibu: maua ya mezani, chupa ya soda, bega la shangazi. Ingia kwenye menyu, chagua nukta moja, uiweke kwenye jicho la mtu lililo upande wako. Hiyo 50 mm yako ukiifungua f/1.8, mtu akiwa mita moja na nusu, kwa kamera yenye sensa ndogo kama yako panapotoka safi ni kama sentimita 6 tu. Lenga sikio la mtu aliyegeuka ubavu, na pua yake haimo! Anayetembea mwekee AF-C, kamera iendelee kumfuata. Kwenye Canon ni AI Servo. Ukibaki kwenye AF-S au One Shot, kamera inalenga mara moja na kuganda hapo, mtu keshapita.

Mkono nao una siku zake. Otofokasi inaishi kwa kingo na mistari, mahali giza na mwanga vinapokutana. Kwenye ukuta mtupu au ukumbi wenye taa hafifu utaisikia lenzi ikihangaika mbele na nyuma, haikamati kitu. Shela ndiyo balaa zaidi: kamera inashika nyuzi, macho ya bibi harusi yanabaki ukungu. Hapo nenda MF, ulenge kwa mkono, ila usiamini sana kile kitundu cha kuchungulia. Washa skrini ya nyuma, kuza mara 5 au 10 kwenye kope, zungusha pete taratibu mpaka uone unywele mmoja mmoja, ndipo ubonyeze. Mwezi ni vilevile. Usizungushe pete mpaka mwisho ukadhani umefika. Lenzi nyingi za siku hizi zinapitiliza kidogo.

Unavaa miwani? Pembeni ya kitundu kuna kigurudumu kidogo. Kirekebishe mpaka tarakimu za ndani zisomeke vizuri, maana wengi wanailaumu lenzi bure.

Na tafadhali, lenzi za bei nafuu usizilazimishe pete swichi ikiwa AF, utaua mota. Hamisha swichi kwanza. Ukimaliza na shela, irudishe AF kabla MC hajaita watu wacheze.