Leseni Kwanza: Redio ya Ridhaa katika Masafa ya VHF

Watumiaji wengi hudhani kwamba risiti ya dukani ni ruhusa ya kutumia simu ya upepo. Sivyo. Risiti huthibitisha kuwa chombo ni mali yako. Masafa ni rasilimali ya umma, na nchini Tanzania matumizi yake husimamiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Kwa nini tunasisitiza

Redio nyingi za mkononi za bei nafuu zinaweza kurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174. Ndani ya upana huo, sehemu ya redio ya ridhaa barani Afrika ni 144 hadi 146 tu. Megahezi 156.8 ni chaneli 16 ya baharini, ambayo vyombo huitumia kuomba msaada. Anayebonyeza kitufe na kupiga soga hapo aweza kuifunika sauti ya nahodha ambaye chombo chake kinazama.

Mambo manne ya kuzingatia

1. Ujuzi. Kanuni za kimataifa za redio huitaka kila nchi ihakikishe kuwa mwombaji ana uwezo wa kiufundi na wa uendeshaji.

2. Alama ya wito. Huu ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu unaomtambulisha mrushaji. Alama za Tanzania huanza na 5H au 5I. Itaje mara kwa mara unaporusha.

3. Lugha ya wazi. Hairuhusiwi kuficha maana ya ujumbe kwa mafumbo.

4. Kutotafuta faida. Redio ya ridhaa ni ya kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana na wenzako. Kampuni ya ulinzi, ya utalii au ya usafirishaji huhitaji leseni ya aina nyingine.

Kabla ya kununua

Mtake muuzaji akuthibitishie kuwa chombo kimeidhinishwa kutumika nchini, na ulizia leseni kabla ya kutoa fedha. Ikiwa tayari unacho, usirushe mpaka upate leseni.

Tunakuhimiza usione leseni kuwa kikwazo. Maafa yakikata simu, mwanaridhaa aliyefunzwa na anayetambulika ndiye anayeweza kufikisha habari kwa waokoaji.