Faili lililokosekana lilikuwa na pacha

Sidi ya ndoa ya yaya ilikaa kabatini kwa Mama tangu Agosti 2009, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Mwaka huu Mama akataka kumwona Baba akicheza. Baba alitutoka mwaka 2013, na video yake ni hiyo tu: anatoka katedrali ya Notre-Dame de la Paix, magari yanapiga honi kuzunguka Place de l'Indépendance, kisha yuko ukumbini, koti begani, anacheza kama mtu aliyesahau kwamba ana goti bovu.

Deki yetu ilishakufa, na kompyuta yangu mpya haina pa kuingizia sidi. Nikaipeleka kwa kijana mmoja anayenakili filamu upande wa Nyawera. Bei dolari tano, nikatanguliza mbili. Jioni akanikabidhi flashi.

"Yote iko humo, mkubwa."

Haikuwa yote. Nyumbani programu ya kugeuza video ikawaza kidogo, halafu ikaniandikia Kifaransa chake: *Fichier introuvable*, VTS_01_0.IFO. Nikajaribu programu nyingine, wimbo uleule. Asubuhi nikarudi dukani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu.

"Sidi yenyewe haina hilo faili, mkubwa. Imekufa. Ipake dawa ya meno."

Dawa ya meno! Dawa ya meno inakwangua. Kama sidi ina vumbi au alama za vidole, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha kama unaosha sahani.

Sasa hatua zenyewe, ziko nne. Ya kwanza: itazame sidi kwa macho yako kabla ya kumwamini aliyekunakilia. Niliazima laptop ya mjomba, Dell ya zamani nzito kama tofali, yenye draivu yake ya DVD. Zile draivu nyembamba za USB zisizo na jina zimenichosha. Moja ilitaka matundu mawili ya umeme ndipo iamke, nyingine ilinguruma kama kinu cha kusagia muhogo na bado haikusoma kitu. Dell ya mjomba ilisoma kimya.

Nikafungua folda ya VIDEO_TS. Faili lipo! Jina limeandikwa palepale, na ukubwa wake kilobaiti 76. Nikalikokota kulipeleka kwenye diski kuu. Kompyuta ikahangaika dakika tatu, ikasema imeshindwa kusoma, na chini ya ujumbe kukawa na kitufe: *Ignorer*. Hapo nikamwona kijana wa Nyawera waziwazi, simu mkono mmoja, mwingine unabonyeza *Ignorer*. Faili halikukosekana. Lilirukwa.

Lakini kujua mwenye kosa hakukumrudisha Baba. Nikakaa mbele ya ile orodha ya mafaili kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Picha na sauti ziko kwenye mafaili ya VOB, yaliyokatwa vipande kwa sababu kipande kimoja hakiruhusiwi kuzidi gigabaiti moja. IFO ni kadogo, lakini ndiko kanakojua kipande gani kinatangulia na kila sura inaanzia wapi. Kasiposomeka, programu inasimama mlangoni. Na kwenye orodha hiyohiyo kuna VTS_01_0.BUP. Kilobaiti 76.

BUP ni pacha wa IFO, baiti kwa baiti. Waliotunga DVD miaka ya 1990 walijua sidi zitachubuka, kwa hiyo wakaweka nakala ya pili mbali na ya kwanza: IFO inatangulia VOB zake, BUP inazifuata, ili mkwaruzo mmoja usiwaue mapacha wote. Nikainakili BUP kwenye diski kuu. Ikapita bila kelele. Nikatengeneza nakala yake nyingine, nikaiita VTS_01_0.IFO, nikafungua programu.

*Fichier introuvable.*

Nililala na hasira. Kesho yake ndipo nikagundua kwamba Windows ilikuwa imeficha mikia ya majina, na faili langu kwa kweli liliitwa VTS_01_0.IFO.BUP. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye mipangilio ya folda, ondoa alama kwenye *Masquer les extensions des fichiers dont le type est connu*, ndipo ubadilishe jina. Fanya hivyo kwenye nakala iliyo kwenye kompyuta. Sidi ya DVD-R huwezi kuifuta uandike upya. Na BUP iache mahali pake, usiihamishe.

Hatua ya pili, kunakili BUP, na ya tatu, kubadilisha jina la nakala yake, nimeshazisimulia bila kukusudia. Ya nne ni ya sidi iliyochubuka zaidi. VOB yangu ya tatu nayo iligoma, nikahamia Linux na programu ya ddrescue:

ddrescue -b 2048 /dev/sr0 ndoa.iso ndoa.map

Lile faili la map linakumbuka kazi ilipofikia. Saa tatu usiku umeme ukakatika, betri ya Dell ikafuata. Kesho yake nikaandika amri ileile, kazi ikaendelea ilipoishia. Nikaifungua ndoa.iso, nikachukua humo VOB iliyogoma. Zilipotea sekunde chache za hotuba ya mkuu wa sherehe, na hakuna aliyezililia.

Kama BUP nayo imekufa, fungua VOB mojamoja kwa VLC, utapata picha bila mpangilio. Kama sidi yote inaonekana tupu, huenda mpiga video hakuifunga kwa mashine (*finaliser*) baada ya kurekodi. Tafuta mashine ileile iliyoirekodi. Filamu za kununua zina kufuli zao, hizo sizigusi hapa.

Mama alimtazama Baba mara mbili, mara ya pili bila sauti. Nakala moja iko kwangu, moja kwa yaya Kigali, moja kwa mdogo wangu Uvira. Kijana wa Nyawera bado ananidai dolari tatu, na sitamlipa.